Mume yuko misheni Kongo Mashariki, hamu ya nyumbani imemzidi. Nifanyeje?

MamaWawili_Moro
Wakuu, habari za muda huu. Mume wangu ni askari wa JWTZ, yuko ulinzi wa amani Kivu Kaskazini, huu ni mwezi wa nne. Kikosi na kambi sitaji. Alianza vizuri, siku hizi akipiga anauliza tu "leo mmekula nini?" halafu kimya. Usingizi hapati, akilala anaota mambo ya ajabu. Mtoto wa miaka 4 akipewa simu anaitupa na kukimbilia michezo, na hilo linamuumiza mwenzangu kweli. Tunapigiana kila siku, mtandao ukikata wote hatulali. Nikiwa huku Morogoro nimsaidie vipi? Wa kejeli naomba mpite kimya kimya.

Kuruta Mstaafu
Pole shemeji. Anza na ratiba ya simu, hapo ndipo wengi wanapoharibu. Kupigiana kila siku ni raha mpaka ufike usiku ambao hapatikani: doria imechelewa, mnara umezima, au simu zimezuiwa kambini kwa muda baada ya tukio. Hapo kila mmoja anajijazia ya kwake kichwani. Wekeni siku mbili au tatu kwa wiki, dakika 15 hadi 20, na mkubaliane mapema kwamba akikosekana atajaribu kesho yake muda uleule. Baada ya Semuliki, Desemba 2017, askari wetu walipovamiwa kambini na kuuawa, hakuna familia inayodharau kimya, nawaelewa. Ila taarifa ya msiba inaletwa nyumbani na jeshi lenyewe. Ya kwenye magrupu ya WhatsApp usiisambaze wala kumpigia mke wa mwenzake kumuuliza.

Na saa: Beni na Goma wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukimpigia saa 11 alfajiri ukidhani ndiyo anaamka, kwake ni saa 10, umemkatia usingizi aliokuwa anautafuta.

Bint Kiziwani
Hapo kwenye ratiba nakupinga kidogo mkuu. Simu ziwe chache, sawa, lakini sauti yako iwe ya kila siku. Mrekodie ujumbe wa sauti wa dakika moja au mbili, haufiki hata MB moja, unaingia hata mtandao ukiwa wa kusuasua, na atausikiliza akitoka lindo. Video ndiyo inayomaliza bando na kukatika katikati ya sentensi, mtu anabaki na hasira kuliko hamu. Mwambie azime upakuaji wa moja kwa moja wa video na picha, magrupu ya ukoo yasimle data.

Unachorekodi ndicho chenye uzito. Usimwambie "tuko salama, usijali" kila siku, anasikia nyumba inakwenda bila yeye. Rekodi vitu: geti linavyolia likifunguliwa, mvua kwenye bati, watoto wakigombania rimoti. Kisha mwachie uamuzi mmoja kwa wiki, wenye njia mbili tu. Mabati ya geji 28 au 30? Mtoto aanze shule hii au ile Januari? Akishaamua, fanya alichosema na umtumie picha. Ukiuliza halafu ukafanya lako, bora usingeuliza.

Mwl. Tegemea
Kuhusu mtoto: wa miaka 4 huona ugumu kuzungumza na mtu asiyemuona, na baba asiichukue kama amesahaulika. Usimlazimishe "msalimie baba". Mpe kitu cha kuonyesha, mchoro au mdoli wake, dakika mbili, kisha aende zake. Baba naye arekodi hadithi fupi tano na dua au sala ya kulala, uwe unazicheza usiku saa ileile kila siku. Akimsikia kila usiku, siku ya simu sauti haitakuwa ya mgeni. Na mwambie mumeo asimuahidi tarehe ya kurudi. Mzunguko wa vikosi ukisogezwa, mtoto anamwona baba ni mwongo, na baba anajiona hivyo hivyo.

Kuruta Mstaafu
Nimesahau suala la ndugu. Nusu ya mzigo wa askari wa misheni ni ndugu wanaoamini anaogelea kwenye dola. Ada, kodi, mtaji wa bodaboda, wote wanampigia yeye. Chagueni mtu mmoja, wewe au kaka yake mkubwa, maombi yote yapitie hapo. Laini ya Kongo, inayoanza na +243, isigawiwe ovyo.

Ugonjwa wa kawaida wa mtoto mwambie baada ya hospitali, ukiwa na majibu. Jambo zito usimfiche, atalisikia kwa mwingine na kuanzia hapo hatakuamini tena ukisema mko wazima. Msiba wa karibu usiutume kwa meseji usiku. Toeni taarifa kikosini kwake huku nyumbani, wao wawasiliane na kamanda wake, ili asiupokee akiwa lindoni na bunduki mkononi.

Jicho la Tai
Picha zake akiwa na sare usizipandishe popote, wala picha ambayo nyuma yake unaonekana mlima, geti la kambi au magari. Waasi wa ADF na M23 nao wana simu. Mtumie picha yenu ya karatasi, ndogo ya kuenea mfuko wa shati, iwekewe plastiki kwa sababu jasho na mvua za kule zinaila karatasi upesi. Nyuma msiandike majina wala anuani. Simu ikiisha chaji hiyo ndiyo inabaki.

Nesi Mkuu
Dada, hizo ndoto usizipeleke zote kwenye hamu ya nyumbani. Muulize anatumia dawa gani ya kinga ya malaria. Kama ni meflokwini (Lariam), kidonge cha miligramu 250 mara moja kwa wiki, inajulikana kuleta ndoto za kutisha, wasiwasi na huzuni. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo kali. Asiache kimya kimya, malaria ya kule haina mzaha, aende kwa daktari wa kikosi abadilishiwe. Na dawa yoyote ile, akikosa usingizi na chakula zaidi ya wiki mbili, akianza kunywa peke yake, kugawa vitu vyake au kusema afadhali afe, aende siku hiyohiyo, na mwenzake wa hema amsindikize.

MamaWawili_Moro
Asanteni sana. Nimemuuliza, anatumia doksisaiklini. Ndoto zinamjia zaidi wiki ya lindo la usiku.

Nesi Mkuu
Basi doksi siishuku sana kwa ndoto, shuku lindo. Akitoka zamu asinywe chai ya rangi wala kahawa, afunike macho kwa kitambaa, alale kwanza, simu yako ije baadaye. Doksi ya miligramu 100 aimeze kila siku baada ya kula, kwa maji mengi, na asilale papo hapo, inachoma koo. Na akirudi aendelee nayo wiki 4 baada ya kutoka Kongo. Wengi wanaiacha siku wanayotua.