Mjadala: Je, wanaopanda Lenana walazimishwe kulala mlimani usiku usiopungua minne?

Hoja ninayoileta mbele yenu inahusu Mlima Kenya. Wako wanaotaka Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) limlazimu kila anayetembea hadi kilele cha Lenana kulala mlimani usiku usiopungua minne, kwa sababu ya watu wanaoteremshwa kwa machela mapafu yakiwa yamejaa maji, baada ya kupanda upesi kuliko mwili unavyoweza kuzoea hewa nyepesi ya juu. Wanaopinga wanasema kwamba mtu mzima anaijua afya yake, na kwamba sheria ya namna hiyo itamfungia lango Mkenya wa kipato cha kawaida.

Kwanza tusichanganye vilele. Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188) ni majabali ya kukwewa kwa kamba, na anayeyaendea huwa amejiandaa. Lenana, wenye mita 4,985, hufikiwa kwa miguu, na hapo ndipo ilipo hatari, kwa kuwa njia isiyotisha macho haimwonyi mtu kwamba amepanda upesi mno. Chukua mfano wa anayeondoka Nairobi Ijumaa asubuhi na kupitia njia ya Naro Moru. Usiku wa kwanza analala kambi ya Met Station, mita 3,050. Kesho yake anavuka kile kinamasi cha mteremkoni, akirukaruka kutoka fundo moja la nyasi hadi jingine huku tope likimfika vifundoni, na jioni analala kambi ya Mackinder, mita 4,200. Ifikapo saa tisa usiku yumo kwenye changarawe inayoporomoka chini ya viatu, akitafuta kilele kabla ya jua kuchomoza. Ushauri wa kitabibu unaofahamika ni kwamba ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kila usiku. Huyu amepandisha mita 1,150 kwa mkupuo mmoja. Njia ya Sirimon nayo, ambayo wengi huisifu kwa upole wake, inamtoa mtu kambi ya Old Moses, mita 3,300, na kumlaza kambi ya Shipton, mita 4,200. Njia ya Chogoria ndiyo yenye nafuu, maana mtu anaweza kupiga hema karibu na Ziwa Ellis, kisha bondeni kwenye Ziwa Michaelson, akapanda kidogo kidogo.

Kwa hiyo idadi ya usiku peke yake haitoshi kuwa kipimo, kwani usiku minne iliyopangwa vibaya yaweza kumdhuru mtu kuliko mitatu iliyopangwa vizuri. Isitoshe, anayelazimishwa kulipia siku tano anaweza kuzilipia na bado akatoka siku ya tatu.

Msimamo wangu ni kwamba tuanze na ada. Ada ya hifadhi hukadiriwa kwa siku, na maana yake ni kwamba siku ya kupumzika, ambayo mtu haongezi hata hatua moja kuelekea kileleni, inamgharimu sawa na siku ya kupanda. Ukimwekea mwanafunzi bei hiyo, siku ya kwanza atakayoifuta ni hiyo hiyo inayomlinda. Ada ikitozwa kwa safari nzima, hata kama itakuwa juu kidogo, kinachomsukuma kuharakisha kitapungua. Najua nitajibiwa kwamba anayekaa zaidi anaacha taka zaidi na kutumia vibanda zaidi; lakini malazi ya vibandani hulipiwa kando, na taka zinaweza kudhibitiwa kwa kupima mizigo langoni wakati wa kuingia na kutoka.

Nakubali kwamba wengine hawakimbizwi na ada bali na kazi ya Jumatatu, na hao bei haitawagusa. Kwao ningependelea waelekezi wapewe mamlaka ya kumrudisha mteja anayeyumba anapotembezwa kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma (kuyumba huko ni dalili kwamba mwinuko umemwathiri), bila yeye kubishana wala kudai fedha zake. Husemwa kwamba waelekezi na wapagazi wanaotetea safari ndefu wanatetea mifuko yao, kwa kuwa hulipwa kwa siku. Ni kweli, na sioni ubaya wowote, maana hao ndio wanaobeba machela usiku.

Ningependa tusikie hasa kutoka kwa wanaofanya kazi hiyo: mteja akikataa kuteremka, na aliyemlipia safari ni yeye mwenyewe, kwa sasa neno la mwisho ni la nani?