Goti la mgumu: bima ilipie sindano ya steroidi?

Mgumu wa Mweka: Wakuu, naanza mimi. Miaka 11 mimi ni mgumu, yaani nabeba mizigo ya watalii Kilimanjaro. Kutoka kambi ya Barafu hadi geti la Mweka unashuka kama mita 3,000, na goti la kulia linasaga kama bawaba kavu. Nikachomwa steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) hapa Moshi, nikapona wiki mbili, nikarudi mlimani. Sasa limekuwa baya kuliko mwanzo, naambiwa nichome tena. Watu wanataka bima izilipie hizi sindano. Mimi napinga.

Gegedu (ile unayoitafuna kwenye mfupa wa kuku) haina mishipa ya damu. Inalishwa na ute wa goti, unaoingia na kutoka ukikanyaga na kuinua mguu. Seli zake zinaishi kwa kutumiwa ujumbe: protini za mwilini ziitwazo IGF-1 na TGF-beta zinaamuru kujenga, interlukini-1 na TNF zinaamuru vimeng'enya vibomoe. Mwendo wa kadiri unawapa nguvu wajenzi, jeraha na mzigo uliozidi vinawaita wabomoaji. Marekani walijaribu steroidi kwa wagonjwa 140, sindano kila wiki 12 kwa miaka miwili. Majibu yakatoka 2017: gegedu ilipungua zaidi kuliko kwa waliochomwa maji ya chumvi yasiyo na dawa, na maumivu hayakutofautiana.

Binti Kibosho: Pole kaka. Ila mama yangu ana miaka 71, kuchuchumaa chooni hawezi. Wiki mbili za usingizi kwake ni nyingi. Halafu unasema mwendo! Ameteremsha mikungu ya ndizi hadi soko la Mbuyuni maisha yake yote, atembee wapi tena?

Fundi Viungo: Mkuu, usiishikilie sana hiyo gegedu. Kuna dawa ya sindano, sprifermin, iliyotengenezwa kwa kuiga FGF18, mjenzi mwingine wa mwilini. Matokeo ya 2019: gegedu ilinenepa kwa sehemu chache za mia za milimita, lakini maumivu hayakupungua kuliko kwa waliochomwa maji ya chumvi. Mimi bima ningeianzishia kwenye mazoezi ya misuli ya paja.

Mgumu wa Mweka: Dada, kwa mama umenishika. Achomwe, alale. Ninachokataa ni mimi kuchomwa Jumatatu, Jumatano niko geti la Machame na kilo 20 kichwani, sisikii kitu, huku linasagika. Fundi, hayo mazoezi nitafanya. Ila kampuni gani itanipa mzigo wa kilo 10?

Binti Kibosho: Hapo sasa ndipo pa kuanzia, kaka. Siyo kwenye sindano.