Tangu lini zimwi akawa mchumba? Nimechoka na hizi ngano "za giza"

Jamani wapenzi wa vitabu, leo nina hasira na sitaki kutulizwa.

Ngano za kale zinazoandikwa upya kwa watu wazima, zenye damu na vitisho, nimezisoma miaka mingi na nazipenda. Kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia nina moyo mwepesi. Kinachonichoma ni mtindo wa siku hizi: zimwi anamteka msichana, anamfungia, anamtesa, halafu kufika katikati ya kitabu tunaambiwa ni mapenzi.

Hiki nilichonacho nilikinunua kwa muuza vitabu vya mitumba, Barabara ya Digo. Jalada la waridi lenye nyota za dhahabu, kimechanganywa na vitabu vya watoto. Ni Mrembo na Mnyama iliyoandikwa upya. Binti ana mnyororo mguuni, kifundo kimechubuka, na mwandishi anatumia ukurasa mzima kutuonyesha anavyochana pindo la gauni lake na kulisokomeza chini ya pingu, kidogo kidogo, chuma kisiguse kidonda. Ukurasa huo umeandikwa vizuri, nakubali. Fungua unaofuata: Mnyama aliyemfunga analeta supu, binti anaona haya, moyo unamdunda. Supu! Na mnyororo bado uko mguuni.

Mkisema "ndivyo hadithi zilivyokuwa zamani", ndipo mnaponimaliza kabisa. Hebu zisomeni. Kwenye Mrembo na Mnyama ya Jeanne-Marie Leprince de Beaumont, ya mwaka 1756, Mnyama anamwambia binti kwamba mwenye amri katika jumba lile ni yeye binti. Kila usiku anamuuliza kama atakubali kuolewa naye. Binti anasema hapana, Mnyama anashusha pumzi, anaaga, anakwenda zake. Kesho yake anauliza tena, anakataliwa tena, anaondoka tena. Leo mnatuletea asiyeuliza, eti huyo ndiye mwanamume.

Sisemi za kale zilikuwa safi. Giambattista Basile wa Napoli, katika mkusanyo uliochapishwa 1634 hadi 1636, ana mfalme anayemwingilia msichana aliyepotewa na fahamu, na msichana anajifungua mapacha kabla hata hajazinduka. Inachefua. Basi si ndiyo hiyo ya kuandika upya? Mwamsheni yule binti, mpeni nafasi aseme yaliyomkuta. Wapo waandishi wanaofanya hivyo, na vitabu vyao vinakunyima usingizi kwa haki. Charles Perrault naye, mwaka 1697, alimwacha mbwamwitu ammeze mtoto mwenye kofia nyekundu na hadithi ikaishia hapo, hakuna mwindaji wala nini. Ukatili mtupu, lakini hakutuomba tumpende mbwamwitu.

Na sisi hapa Pwani? Tumesimuliwa zimwi aliyemkuta msichana peke yake ufuoni, amerudia kombe lake alilolisahau mwambani. Akamtia ndani ya ngoma, akawa anazunguka naye mji kwa mji akimwimbisha ili yeye apate kulishwa. Wazazi walipoitambua sauti walimtoa mtoto wao, ngoma wakaijaza nyoka na nyuki. Nyanya akifika kwenye nyuki tulikuwa tunapiga makofi. Hakuna aliyeuliza kama zimwi alilelewa vibaya.

Kwenye kikundi chetu cha kusoma nilipoyasema haya nikaambiwa niache ushamba, ni mambo ya kubuni tu. Sawa. Mbona basi mpwa wangu, mtoto wa darasa la saba, alikiona mezani akakiomba kwa ajili ya lile jalada? Muuza mitumba simlaumu, yeye huletewa marobota, atavisoma saa ngapi. Wachapishaji ndio nawataka: andikeni nyuma ya kitabu kwamba ndani mna utekaji na ubakaji. Mstari mmoja tu, wino hautaisha.

Sasa leteni majina. Nani amesoma ngano ya giza ambamo binti anatoka kwenye jumba kwa miguu yake mwenyewe? Hiki changu msikiombe, hakiazimwi.