Mbeya hadi Itigi kwa pikipiki, peke yangu, kupitia Rungwa: naomba ushauri

Mkazi wa Uyole

Habari zenu ndugu. Mwezi wa nane nitakuwa likizo, na ninakusudia kwenda Itigi kwa kaka yangu, anayefanya biashara ya asali. Safari hii nataka niende kwa pikipiki yangu ya cc 150, peke yangu, kwa njia ya Chunya, Makongolosi, Lupa Tingatinga, Kambikatoto na Rungwa. Najua iko njia ya lami ya kupitia Iringa na Dodoma, lakini inazunguka mno, na isitoshe nimeitamani njia ya porini tangu ujana wangu, kila nilipoona mabasi ya Tabora yakiingia stendi yakiwa yamebadilika rangi kwa vumbi.

Mke wangu hajanikatalia, ila ameniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: pikipiki ikizima katikati ya pori, nani atajua? Kwa hiyo nawaomba mnaoifahamu njia hiyo mnieleze habari za petroli, mahali pa kulala, wanyama na ndorobo (mbung'o), na zaidi ya yote mnishauri mtu aliye peke yake ajipange vipi.

Mzee wa Tumbaku, Lupa

Ndugu, njia hiyo inapitika, na mwezi umeuchagua vizuri. Mvua za huku huanza kati ya Novemba na Desemba, zikaendelea hadi Aprili, na wakati huo udongo mweusi wa mbugani hujaa kwenye matairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Kiangazi shida yake ni mchanga na vumbi laini linaloficha mashimo. Hadi Makongolosi utakwenda kwa lami, ila toka Mbeya ukiwa na koti zito, kwa sababu baridi na ukungu wa Kawetere asubuhi si wa kudharau, hata kama saa chache baadaye joto la Chunya litakuvua koti hilo.

Kuanzia Makongolosi hadi Mkiwa, inapokutana na barabara ya Manyoni na Singida, ni zaidi ya kilomita 400, na Itigi iko kabla ya hapo. Ujenzi umekuwa ukienda kwa vipande, kwa hiyo waulize madereva wa malori pale Makongolosi hali ikoje wiki hiyo. Wao ndio wanaojua daraja lipi lina mchepuko na wapi mchanga umezidi.

Safari hii usiipange kwa kilomita, ipange kwa jua. Ikifika saa tisa alasiri uwe umekwisha kuingia katika kijiji utakacholala, hata kama unajisikia bado una nguvu. Tembo na nyati huvuka barabara sana jioni na alfajiri, na taa ya pikipiki haimulikii mbali kiasi cha kukupa nafasi ya kusimama. Lala Rungwa, uvuke kipande cha Rungwa hadi Itigi jua likiwa limekwisha kupanda. Eneo hilo linapakana na Pori la Akiba la Rungwa, ambalo nalo limeungana na Hifadhi ya Ruaha, kwa hiyo usiache barabara kuu kufuata vijia vya pembeni: kuingia porini bila kibali ni kosa, na huko ndiko usikoweza kuonekana na mtu. Pale Rungwa njia zinagawanyika, moja kwenda Itigi na nyingine kwenda Ipole, Sikonge na Tabora. Uliza kabla ya kuondoka, maana kosa la hapo litakula petroli yote uliyobeba.

Mahali pasipo na gesti, nenda kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti, jitambulishe, andika jina lako katika kitabu cha wageni, useme umetoka wapi na unaelekea wapi. Hutakosa pa kulala, na jina lako litakuwa limebaki pale.

Fundi wa Mafinga

Naongezea upande wa chombo. Kabla ya safari badilisha oili, safisha chujio la hewa na ubebe lingine, kwa kuwa vumbi la njia hiyo likiliziba, injini itakunywa petroli nyingi na kukosa nguvu. Beba tyubu ya mbele na ya nyuma, vyuma vya kutolea tairi, pampu, viraka na gundi ambayo haijakauka, plagi, kiungo cha cheni na fyuzi. Halafu uvue na kurudisha tairi la nyuma wewe mwenyewe hapo nyumbani, bila kusaidiwa, ukitumia vifaa vile vile utakavyobeba. Hapo ndipo utajua kama spana ya ekseli unayo.

Waya wa klachi ndio unaowaangusha wengi. Chukua mpya, upitishe kando ya ule wa zamani chini ya tangi, uufunge vizuri kwa mpira, ncha zake uzizibe kwa nailoni zisiingie vumbi. Wa zamani ukikatika, unachomoa na kuchomeka ncha mbili tu, bila kulivua tangi barabarani.

Petroli ijaze Makongolosi, na ubebe lita tano za akiba katika dumu lisilovuja, mbali na ekzosi. Ile ya chupa utakayonunua vijijini, mimina kidogo katika chupa nyeupe inayoonyesha ndani na usubiri: maji yakiwamo yatatuama chini. Mchangani usikamate breki ya mbele, legeza mikono, uache pikipiki icheze kidogo chini yako huku ukivuta mafuta taratibu. Anayekaza mikono ndiye anayeanguka.

Muuguzi, Chunya

Kaka, kuhusu ndorobo, usivae nguo nyeusi wala za bluu, kwa sababu rangi hizo huwavuta, na ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Huvutwa pia na kitu kinachotembea, kwa hiyo watakufuata ukiwa mwendoni. Vaa nguo nene ya kaki, kwani nyepesi wanaichoma kwa juu. Wengi wao hawana vimelea vya malale, lakini ukipata uvimbe wenye kidonda pale ulipoumwa, au homa siku au wiki chache baada ya safari, nenda hospitali na umwambie daktari kwamba ulipita eneo la ndorobo. Usipomwambia, atatafuta malaria peke yake.

Maji usibebe chini ya lita sita, na uyagawe katika vyombo viwili, ili kimoja kikipasuka usibaki mikono mitupu. Beba pia bandeji pana na chumvi ya kuongeza maji mwilini. Upande wa Itigi ipo Hospitali ya Mtakatifu Gaspar. Upande wa huku, Chunya. Katikati ni zahanati, na huenda ukazipata mbali na ulipoangukia, kwa hiyo mwendo wako uwe wa mtu anayelijua hilo.

Msafiri wa Iringa

Swali la mke wako ndilo lenye uzito kuliko mengine yote, nami nadhani jibu lake ni basi. Ulizia saa ambayo basi la njia hiyo hupita Makongolosi, kisha wewe utangulie. Ukiwa mbele ya basi, siku hiyo hiyo litakukuta popote ulipokwama. Ukiwa nyuma yake, huenda ukangoja hadi kesho. Mwombe kondakta namba yake, umweleze rangi ya pikipiki yako. Pikipiki ikishindikana kabisa, basi au lori litaibeba.

Kwa hiyo usiiache pikipiki ukaanza kutembea. Hata Australia, ambako watu huvuka nyika kubwa kuliko zetu, wasafiri huonywa wabaki karibu na chombo chao, kwa kuwa chombo huonekana upesi kuliko mtu. Kaa kivulini, karibu na barabara.

Mtandao wa simu utapotea sehemu nyingi. Mwachie shemeji karatasi yenye majina ya vijiji kwa mpangilio, pamoja na saa ya mwisho ya kusubiri simu yako kutoka Rungwa na kutoka Itigi. Mkubaliane mapema atampigia nani saa hiyo ikipita, na asisubiri kwa kuona aibu.

Mkazi wa Uyole

Nawashukuru sana. Nimemsomea mke wangu majibu yote, na karatasi ya vijiji ameanza kuiandika yeye. Koti langu la bluu nitaliacha, na Jumamosi nitalivua tairi la nyuma hapa uani. Jambo moja limebaki: yeyote aliyeko Makongolosi anijulishe, basi la kuelekea Rungwa hupita hapo saa ngapi siku hizi, na je, hupita kila siku?

Mzee wa Tumbaku, Lupa

Ratiba hubadilika kufuatana na msimu na hali ya barabara, kwa hiyo usiitegemee ya kuambiwa hapa. Fika Makongolosi jioni, ulale, uwaulize wakata tiketi stendi usiku ule ule. Ukikuta kesho yake hakuna basi, ongeza siku moja hapo.