Tupeane uzoefu: uliwezaje kuskani negativu na slaidi za zamani nyumbani zikatoka bila ukungu?

Mjukuu wa Mitwero: Wakuu, habari za jioni. Nipo Lindi. Marehemu mzee alikuwa utingo wa lori na kamera haikumtoka shingoni. Kaniachia kopo la biskuti limejaa negativu za milimita 35, nyingine za pantoni ya Ndundu kwenye mto Rufiji, enzi zile kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003. Nimenunua skana ya mezani ya mtumba, yenye taa kwenye kifuniko. Picha zinatoka, lakini kama natazama na usingizi machoni. Nimepandisha hadi dpi 6400 (nukta kwa inchi), faili likavimba, ukungu ule ule.

Korosho Ghafi: Hiyo 6400 ni maneno ya kwenye boksi, mkuu. Yangu kupita 2400 sikuona hata unywele ulioongezeka. Kwa fremu ya milimita 24 kwa 36, hiyo 2400 inakupa karibu pikseli milioni 8, A4 inatoka safi. Shida yako ni kimo. Nyingi ya hizi skana lenzi yake haijirekebishi, inaona vizuri kwenye kimo kimoja tu juu ya kioo. Nilikata vipande vya manila, nikawa naongeza kimoja kimoja chini ya kishikio cha filamu huku naskani fremu ile ile. Cha tatu tu, chembechembe za filamu hizo hapo! Jioni nzima iliishia hapo, mke wangu akidhani naunda tiara.

Fundi wa Ligula: Filamu yenyewe imelala? Zangu zilijikunja kama jani kavu la mgomba. Nilizikandamiza chini ya vitabu wiki nzima, ndani ya karatasi safi. Usiilaze juu ya kioo kitupu, utapata miduara ya rangi kama mafuta ya taa majini. Na upande usiong'aa usiuguse, ndiko picha iliko.

Mama Mikindani: Mie sina skana. Natumia kamera, lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) na tableti ya mwanangu imewashwa nyeupe. Mara ya kwanza vinukta vya tableti viliingia kwenye slaidi, nikainyanyua sentimita chache. Kisha kona moja safi, nyingine butu. Dawa ilikuwa kioo changu cha wanja: nakiweka mahali pa slaidi, nasogeza kamera mpaka lenzi ijione katikati. Tundu la lenzi f/8, taima sekunde 2, na feni nazima, meza yangu ina kiwewe.

Korosho Ghafi: Nimesahau. Kama skana inafuta vumbi kwa infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), zima kipengele hicho kwenye filamu za nyeusi na nyeupe. Madini ya fedha yaliyomo kwenye filamu yanazuia ule mwanga, mashine inadhani picha ni vumbi. Bibi yangu alifutwa pua.

Mjukuu wa Mitwero: Vipande vinne vya manila, wakuu! Pantoni imetoka hadi kutu. Kuna dada kaegemea lori letu, jina la kanga yake linasomeka. Mama kavaa miwani, kalisoma lote, kisha kaniuliza huyo ni nani. Nimwambieje?