MREJESHO: Yule wa Moshi aliyeuliza kama aache uhasibu arudi shambani

Wakuu, habari za siku. Mimi ndiye niliyeuliza kama niache uhasibu hapa mjini nikahudumie kihamba cha mzee, yaani shamba letu la kahawa la nyumbani kule Kibosho, maana ofisini nilikuwa nasubiri mshahara tu. Wengi mliniambia nisiache kazi, niende kwanza wikiendi nione kama ni wito au nimemchoka bosi. (Aliyesema nioe kwanza, nimekusikia pia.)

Kazi sijaacha. Ila kulima kwenyewe, kupalilia na kunyunyizia dawa, hakunikolei hata kidogo. Kilichoninasa ni miche. Mibuni ya mzee ni ya zamani, ugonjwa wa chulebuni unaozesha buni zikiwa bado changa mtini, nikaanza kuulizia aina zinazohimili ugonjwa huo na kutu ya majani, zile za kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungo. Unakata kikonyo laini, yaani kipande cha chipukizi la mbuni, unapunguza majani nusu, unakichomeka kwenye boksi la udongo na kufunika nailoni unyevu usitoke. Baada ya miezi unakivuta taratibu. Kikigoma, ujue mizizi imeshika. Hapo hata simu naisahau.

Sasa nina kitalu kidogo nyuma ya banda la ng'ombe. Siku za kazi mama ananimwagilia, Jumamosi majirani wanapita kuuliza bei. Mzee bado anasema alinisomesha bure, wakati uhasibu huohuo ndio unanionyesha mche niuze shilingi ngapi nisile hasara. Mkataba wa ofisini unaisha Desemba. Sidhani kama nitasaini mwingine.