Naomba ushauri: nitajuaje faili lililopakiwa ni la aina gani hasa?

Mwana_Langoni: Assalaam aleykum jamaa. Nimemtengenezea ami tovuti ya nyumba ya wageni hapa Lamu. Mgeni hupakia pasipoti kabla hajafika. Naruhusu .jpg, .png na .pdf tu, lakini faili la jana ni .jpg na halifunguki. Nimelichungulia, linaanza na herufi PK. Silali.

Fundi_Seva: Waaleykum salaam. Jina mtu hujiandikia, na aina inayotajwa na kivinjari hughushiwa. Soma baiti za mwanzo, yaani vipande vidogo vya data vinavyoanzisha faili na kuonyesha aina yake: JPEG ni FF D8 FF, PNG ni 89 50 4E 47, PDF huanza na %PDF. Kama tovuti umeiandika kwa PHP, lugha ya programu, tumia finfo, chombo chake cha kutambua aina ya faili.

Mama_Shela: Mimi pasipoti ndiyo inayoniuma. Mwanangu alituma kitambulisho nyumba moja, picha ikazagaa kwa watu. Kwani hamuwezi kuitazama mgeni akifika? Amana hiyo.

Kijana_Malindi: Hamia Python, lugha nyingine ya programu, upumzike, shekhe 😂

Fundi_Seva: Mafaili unayaweka wapi?

Mwana_Langoni: Kwenye seva.

Fundi_Seva: Sehemu gani? Mwenye anwani ya faili atalifungua?

Mwana_Langoni: Ndiyo. Yako folda ya wazi, kwa majina yale yale ya wageni. Lakini ami huyafungua kwa simu akiwa jetini, keshazoea. Na hiyo anwani nani ataijua?

Fundi_Seva: Yeyote mwenye subira. Na kama unatazama tu kuwa jina lina ".jpg", basi picha.jpg.php itapita na seva itaiendesha kama programu. Baiti nazo hazitoshi peke yake: faili huweza kuanza kama GIF, aina nyingine ya picha, na ndani likabeba msimbo wa programu. Yatoe kwenye folda ya wazi, yape majina mapya wewe mwenyewe, ami aingie kwa nywila.

Mpita_Njia: Siamini hadithi hii. PK ni faili la zipu, yaani mafaili yaliyofungwa pamoja. Mgeni gani atume zipu kwa jina la .jpg? Huu ni mtihani wa chuo, anataka afanyiwe.

Mwana_Langoni: Wallahi si mtihani. Nimemuuliza mgeni, amejibu sasa hivi: pasipoti iliskaniwa saiba, wakaibandika ndani ya Word, naye akabadilisha mwisho wa jina ili fomu ikubali.

Fundi_Seva: Basi ni docx, faili la Word, nayo kwa ndani ni zipu. Inaingia akilini. Folda umeihamisha?

Mwana_Langoni: Namsubiri ami nimweleze kwanza.

Mama_Shela: Hamisha, mwanangu. Ami utamweleza akirudi.